MELI HAIJAONDOKA, LAKINI MAMA YUKO KAZINI

SEHEMU YA 1: Kauli ninayoikataa

 Leo siongelei homa wala chanjo. Naongelea kauli moja ambayo imenichosha masikio: "Kama meli haijaondoka, si arudi nyumbani alee mtoto?"

Kauli hiyo kaambiwa mdogo wangu wa tumbo moja. Ana digrii ya sayansi ya bahari, ana mume, ana mtoto wa miezi 9. Alipata nafasi kwenye meli ya utafiti wa samaki, safari ya siku 18. Meli ikakaa gatini hapo Bandari ya Dar es Salaam siku 6 kabla ya kuondoka. Jumla siku 24. Zile 18 za baharini zilimchosha mwili. Hizi 6 za kusubiri nusura zimvunjie nyumba, na hakuna wimbi hata moja lililohusika. Waliohusika ni ndugu, majirani, na ofisi iliyomtuma.

Natoa msimamo wangu mapema, asiyeutaka aishie hapa hapa tusipotezeane bando. Kusubiri ni kazi. Mama aliye kwenye meli iliyofungwa gatini yuko kazini sawasawa na aliye katikati ya bahari. Anayemvuta arudi nyumbani anamharibia kazi, na mwajiri asiyemhesabia siku hizo anamdhulumu.

Najua mtasema nesi kaacha sindano kaingilia mambo ya meli. Subirini. Mimi wateja wangu ni mama na mtoto, na kila wiki naona msichana aliyesoma akiacha nafasi yake kwa sababu ya maneno ya aina hii. Presha inapanda, maziwa yanapungua, ndoa inayumba, halafu anakuja kwangu nimpe vidonge. Vidonge vya maneno ya watu mimi sina.

SEHEMU YA 2: Humo ndani wanafanya nini?

Wengi mnadhani meli ikiwa imefungwa, watu wamelala wanakula posho. Mdogo wangu alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kila usiku, na mimi nilimhoji kama ninavyomhoji mjamzito kliniki, swali kwa swali. Nawapa alichonieleza.

Siku ya kwanza ni usalama. King'ora kinalia milio mifupi saba na mmoja mrefu, kila mtu anaacha alichoshika anakimbilia sehemu yake ya kukusanyika, anahesabiwa. Kisha wanafundishwa kuvaa suti ya kujiokolea, lile gwanda jekundu zito linalofunika mpaka vidole, na wanatakiwa wawe wameshalivaa ndani ya dakika 2. Mara ya kwanza alikwama mguu mmoja. Wakarudia mpaka wote wakaweza. Mnataka somo hilo alipatie wapi, nje huko usiku mawimbi yakiwa juu?

Siku ya pili ni kufunga vitu. Makopo ya sampuli, mizani, mbao za kupimia urefu wa samaki, mapipa, kompyuta, kila kitu kinafungwa kwa kamba au mkanda, kwa sababu meli ikianza kuyumba kopo dogo linageuka kombora. Humo kuna formalini ya kuhifadhia viumbe, na sisi wa hospitali tunaijua formalini, si kitu cha kuachwa juu ya meza. Lebo zinaandikwa mamia kabla ya safari. Ukifika baharini saa 9 usiku wavu umepanda umejaa, hakuna muda wa kutafuta kalamu.

Siku ya tatu walinunua samaki hapo Feri, wakafanya mazoezi. Kupima urefu, kupima uzito, kupasua, kutoa kijiwe kidogo kilichomo kichwani karibu na sikio la samaki. Kijiwe hicho kina duara kama zile za gogo la mti, wataalamu wanazisoma wanajua samaki ana umri gani. Mdogo wangu aliharibu vijiwe vitano kabla ya kutoa kimoja kizima. Hao walikuwa samaki wa kununua sokoni. Angewaharibu wa utafiti ingekuwaje?

Halafu kuna mtambo wa sauti. Meli ya utafiti hutuma mlio chini ya maji na kusikiliza mwangwi ukirudi, kutokana na huo wanakadiria wingi wa samaki. Lakini mtambo lazima upimwe kwanza uaminike, kama mizani ya kliniki tunavyoirudisha sifuri kabla ya kumweka mtoto. Wanateremsha kijipira cha chuma chini ya meli, wanajua kijipira kile kinatakiwa kurudisha mwangwi kiasi gani, wanarekebisha mtambo mpaka usome sawa. Kazi hii inataka maji matulivu, hivyo hufanywa chombo kimetulia. Mizani ikidanganya, kadi yote ya mtoto ni uongo. Na mtambo ukidanganya, safari nzima ni uongo.

Chumba chake kilikuwa cha watu wawili, kitanda juu na chini, hakuna dirisha. Jenereta inaunguruma mchana na usiku. Chakula ni viazi na supu. Ugali hamna, kuna dada mmoja alikuja na kopo la pilipili akawa tajiri wa meli. Walianza kulala kwa zamu, saa 6 kazi saa 6 mapumziko, meli ikiwa bado imefungwa, ili mwili uzoee. Sisi tuliowahi kuingia zamu ya usiku tukiwa na mtoto mchanga tunajua maana yake.

Hayo ndiyo mliyoyaita kukaa bure.

SEHEMU YA 3: "Si atoke kidogo tu halafu arudi?"

Hili swali niliulizwa na mama mkwe wake mwenyewe. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, marahaba mwanangu, akaendelea: kutoka bandarini mpaka Kipawa si mbali, kilomita hazifiki hata 15, kwa nini mtu asije akanyonyesha akarudi?

Jibu ni hili. Karibu na ngazi ya meli kulikuwa na ubao umeandikwa saa ya kuondoka. Siku ya kwanza uliandikwa saa 12 jioni. Ukafutwa, ukaandikwa saa 4 asubuhi. Ukafutwa tena. Mara mafuta hayajakamilika, mara kifaa kimoja hakijatoka forodha, mara karatasi ya kibali inasubiri saini, mara rubani wa kuiongoza meli kwenye lango la bandari kapewa meli nyingine kwanza. Meli kubwa hazijitokei zenyewe bandarini Dar, lango letu ni jembamba, lazima rubani apande. Akishapatikana ni twende. Hakuna wa kumsubiri mtu aliyekwama kwenye foleni ya Tazara.

Kwa hiyo ruhusa ya kushuka ilikuwepo kwa saa chache, mchana, na huenda mbali. Kipawa jioni kwenda na kurudi kwa daladala, nani kati yenu anaweza kuapa atatumia saa mbili?

Sasa niwaulize watu wa Kipawa, maana sisi tunalala chini ya ndege. Zinashuka juu ya mabati yetu mpaka tunaacha kuongea zipite. Tuna wapangaji wanaofanya kazi uwanjani: wanaopakia mizigo, walinzi, wasafishaji, wahudumu wa ndani ya ndege. Ndege ikichelewa saa 5, kuna anayempigia yule dada mhudumu akamwambia "ndege haijaruka, njoo upike"? Hayupo. Tunasema yuko kazini, ndege imechelewa. Basi meli nayo imechelewa. Tofauti iko wapi?

Nije kwangu. Mkunga anaposimamia uchungu, sehemu kubwa ya kazi yake ni kusubiri. Tunasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, tunapima njia kila baada ya saa 4, tunajaza patografu. Kwa anayechungulia mlangoni, nesi kakaa. Lakini nesi akiondoka "kidogo tu" kwa sababu mtoto bado hajatoka, siku moja atarudi akute msiba. Hakuna mama aliyewahi kuniambia nirudi nyumbani mpaka njia ifunguke.

Na mlinzi wa geti lenu je? Anasubiri mwizi ambaye hamtaki aje. Mwisho wa mwezi mnamlipa.

SEHEMU YA 4: Simu ndiyo iliyokuwa inaua

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa waume.

Meli ikishaondoka, mtandao wa simu unakatika. Mnabaki na ujumbe mmoja mmoja wa kupitia mitambo ya meli. Nyumba inatulia, kila mtu anajua hapatikani. Lakini meli ikiwa gatini mtandao upo tele. Anaona Kigamboni ng'ambo, anasikia honi za mjini, na simu haikatiki. Hayuko nyumbani, hayuko safarini. Kila mtu anamfikia.

Siku ya pili alipigiwa mara 11. Nilihesabu mwenyewe baadaye kwenye simu yake. Uji umeungua, dada wa kazi kasema anaondoka, mtoto kakohoa, mama mkwe anauliza amefika wapi. Amefika wapi! Yuko gatini, mama. Halafu simu ya video usiku, mtoto ana njaa, analia anamtafuta mama ndani ya kioo. Wamama mnajua mwili unafanya nini ukisikia kilio cha mwanao. Maziwa yakashuka yenyewe, blauzi ikalowa, akiwa kwenye mkutano wa usalama na wanaume kumi. Akaingia chooni akalia. Siku ya tatu akaniambia, "Dada, nashuka."

Nikamuuliza, mtoto anaumwa? Hapana. Anakula? Anakula. Analala? Analala. Basi unashuka kwa ajili ya nani? Akanyamaza.

Siku hiyo nilikwenda kwa shemeji nikaongea naye. Kijana mzuri, sina ugomvi naye. Nikamwambia: shemeji, simu mbili kwa siku. Moja asubuhi, moja jioni, na ya video iwe mtoto ameshashiba. Uji ukiungua pika mwingine. Akikohoa mimi niko hapa, nesi, mita mia tatu. Akakubali, na kelele ndani ya nyumba zikapungua palepale. Kilichohitajika ni mtu mzima mmoja wa kusema.

Mtaani nako hawakulala. Eti "meli gani isiyoondoka? Yuko hotelini na mzungu." Mwanamke akichelewa, jibu la mtaa ni moja tu. Dereva wa lori akikwama Tunduma wiki mbili, mnasema foleni ya mpakani. Mwanamke akikwama bandarini siku 6, ana bwana.

SEHEMU YA 5: Mkosi, Nansen, na safari ya Muscat

Wapo wanaosema tangu enzi mwanamke chomboni ni mkosi. Haya. Nani anakwenda kuchokoa pweza bamvua likitoka? Nani anatanda uduvi na dagaa kwa kanga kiunoni mwa maji? Nani analima mwani Unguja na Pemba? Wanawake wa pwani wanaisoma bahari kila siku, maji mafu na maji makubwa wanayajua kwa kichwa. Mkosi unaanza pale tu bahari inapokuwa na mshahara na cheti.

Niwape hadithi ya kweli. Kuna meli maarufu ya utafiti wa samaki inaitwa Dr. Fridtjof Nansen, ya mpango wa Norwei na FAO. Ya kwanza yenye jina hilo ilianza kazi 1975, na mwaka 1982 na 1983 ilipima samaki kwenye maji yetu ya Tanzania. Ya sasa ni ya tatu, imeanza kazi 2017, ina urefu wa karibu mita 75, inapeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, na 2018 ilikuja huku kwetu. Watafiti wa nchi inayotembelewa hupanda na kufanya kazi humo.

Huyo Nansen mwenyewe ni nani? Mnorwei, mtafiti wa bahari ya barafu. Mwaka 1893 aliondoka na meli yake Fram, akaiacha igande ndani ya barafu makusudi, ili aone barafu itaipeleka wapi. Yaani alikwenda kusubiri! Walisubiri, wakipima kina, joto la maji na hali ya hewa siku hadi siku. Alirudi kwao 1896. Na alipoondoka Juni 1893, mtoto wake wa kike, Liv, alikuwa na miezi 5. Mkewe Eva, ambaye ndiye aliyeipa meli ile jina, alibaki na mtoto.

Miaka mitatu. Mtoto wa miezi mitano.  Dunia ikampa heshima, 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi nyingine ya kusaidia wakimbizi, na meli tatu zikapewa jina lake. Simlaumu. Nauliza tu: mdogo wangu siku 24, mtoto wa miezi 9, na baba wa mtoto yupo nyumbani. Kelele zote za nini?

Kuna linalouma zaidi, na liko hapa hapa mtaani kwetu. Mabinti wangapi wa Dar tumewasindikiza uwanjani waende Muscat kazi za ndani? Mkataba miaka miwili. Wameacha watoto wa mwaka mmoja, wengine chini ya hapo, kwa bibi zao. Tukapiga picha, tukawaombea dua, tukasema mwanangu kaenda kutafuta. Sikusikia mkosi siku hiyo. Sikusikia "nani atanyonyesha". Siwadharau hata kidogo, wanajenga nyumba za mama zao kwa jasho. Ila mnipe sababu. Kwa nini mama anayekwenda kuosha vyombo vya watu miaka miwili anapewa baraka, na mama anayekwenda kupima samaki wa nchi yake siku 24 anaitwa katili?

Mimi sababu naiona. Wa Muscat anakwenda kutumwa, tumezoea. Huyu anakwenda kujua, na mwanamke anayejua bado anatutisha.

SEHEMU YA 6: Maziwa, kwa lugha ya kliniki

Kuna dada kaniandikia kwa ukali: "Sista, wewe ndiye unatufundisha tunyonyeshe, leo unahamasisha mama aache mtoto?" Swali zuri, nalijibu kama nesi.

Mtoto chini ya miezi 6, mama usiende. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na hapo sina mjadala. Akishatimiza miezi 6 anaanza vyakula, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Safari ya wiki tatu kwenye umri huo inawezekana, ikiandaliwa.

Wiki mbili kabla, anza kukamua na kuhifadhi. Kwa joto letu la Dar usiache maziwa nje zaidi ya saa 4, na ukiweza yaingize kwenye friji mara moja. Kwenye friji ni siku 4. Kwenye friza yanakaa miezi. Mzoeshe mtoto kunywa kwa kikombe, siyo chupa, na anayebaki naye ndiye amnyweshe. Mtoto akizoea mkono wa baba au bibi kabla, siku ya kuachana haiwi vita.

Ukiwa melini, kamua kila baada ya saa 3 au 4, hata kama unamwaga, ili maziwa yasikauke na titi lisivimbe. Ukitaka kuyahifadhi tumia friza ya jikoni, kamwe usiyaweke kwenye friza ya maabara yenye sampuli. Dawa za kichefuchefu cha bahari zinamezwa kabla ya meli kuanza kuyumba, lakini unayenyonyesha muulize kwanza mhudumu wa afya ipi inakufaa.

Na siku za kusubiri hapa gatini ni dhahabu. Siku ya nne na ya tano nilimbeba mtoto mgongoni mpaka nje ya geti, mama yake akatoka kwa ruhusa ya saa moja, akanyonyesha ndani ya gari la jamaa yetu. Alinyonya mpaka akalala. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chupa nikayaweka kwenye kikapu cha barafu, nikarudi nayo Kipawa. Mama alikuwa kazini na mtoto alinyonya. Hakuna aliyelazimika kuacha safari.

Siwadanganyi kwamba haikuwa na gharama. Aliporudi, mtoto alimgeuzia uso siku nzima. Maziwa yalikuwa yamepungua, tukachukua kama siku 5 kuyarudisha kwa kunyonyesha mara kwa mara. Lakini kadi ya kliniki ipo, nimempima mwenyewe: uzito haukushuka, ulipanda. Hiyo ndiyo mizani ninayoiamini.

SEHEMU YA 7: Sasa na ninyi wenye ofisi

Nimesema na familia, nisiwaache wakubwa.

Ofisi ya mdogo wangu, siitaji, ilimwambia posho inahesabiwa kuanzia meli inapoondoka. Siku 6 alizofanya mazoezi, alizofunga vifaa, alizolala juu ya chuma kinachounguruma, hazipo kwenye karatasi. Wakamwambia "mlikuwa mnasubiri tu." Mnaona? Kauli ya mtaa imevaa tai. Mama mkwe na mhasibu wamesema neno moja. Tofauti ni kwamba mama mkwe alieleweshwa akaelewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Inampa pia mpaka saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Meli iliyofungwa Dar es Salaam haijatoka Tanzania. Kwa hiyo ninyi mnaomtuma mtumishi wenu ambaye ananyonyesha, siku za gatini zipangeni na saa hizo mbili zikiwemo. Ongeeni na wenye meli. Saa ya ruhusa iandikwe kwenye ratiba, isiwe hisani ya nahodha mwenye roho nzuri. Pawe na chumba chenye kufuli cha kukamulia, siyo choo. Ratiba ikibadilika, familia ipewe taarifa na mtu mmoja anayejulikana, tusiwe tunaokoteza uvumi. Na posho ianze siku mtu anapopanda ngazi ya meli, maana ndiyo siku aliyoacha mtoto.

Msiponiambia hela hamna, nitawasikiliza. Mkiniambia hamna, nitauliza mbona ya mafuta ya meli ilipatikana.

Mama mwenye mtoto mgongoni, usidhani hii ni habari ya mdogo wangu peke yake. Kliniki tunakwambia usage dagaa uweke kwenye uji wa mtoto, dagaa mzima na mifupa yake. Takwimu za kitaifa za 2022 zinaonyesha watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Dagaa ni moja ya silaha zetu za bei ndogo. Sasa dagaa wa bahari wako wangapi? Wanazaana lini? Tunavua kiasi au tunamaliza? Huwezi kujua kwa kusimama Feri na kuangalia ndoo. Mtu lazima aende akapime, arudi, aende tena. Wenzetu Kenya wana meli yao ya utafiti, Mtafiti, waliyopewa na Ubelgiji, kituo chake Mombasa. Nafasi kwenye meli kama hizo haziji kila mwezi. Kila msichana wetu anayeshushwa na maneno ya watu, kiti chake kinakaliwa na mtu mwingine, na ujuzi unaondoka na huyo mwingine.

Basi naomba hivi. Baba, mkeo akiwa gatini, sema mbele ya mama yako kwamba yuko kazini. Useme wewe, usimwachie yeye ajitetee kwa simu. Mama mkwe, shikamoo, umelea vizuri, mpokee mjukuu siku hizo chache na usimpigie mama yake kuuliza amefika wapi. Majirani, hoteli hamna, kuna kitanda cha juu na jenereta. Na wewe binti uliyepata barua ya safari na unaificha mkobani kwa hofu ya kikao cha familia, itoe. Njoo kliniki wiki mbili kabla, njoo na mtoto na huyo atakayebaki naye, awe baba, bibi au dada. Tutampima, tutapanga maziwa, na huyo anayebaki nitamfundisha kikombe mimi mwenyewe.

Jumatatu mpaka Ijumaa, asubuhi. Msije saa 7 mkasema nesi hayupo.